Nauli kwa Gramu

Kiwanda cha mikate kilifungwa pale Võru
zamani, hata waziri wa enzi hiyo simkumbuki.
Tanuri zilibaki. Harufu nayo ilibaki,
imeng'ang'ania ukutani kama mpangaji asiyelipa.
Ndimo tulimohamia, watu sita,
na mimi wa saba, mshika daftari,
nisiyeijua anga ila kwa bei yake.

Na bei yake ni hii:
mzigo hupimwa kwa gramu, kama zafarani,
na gramu haina huruma.
Rauno hula kona za bati kwa msasa,
hupuliza vumbi mezani, kisha huita:
"Vaike, andika. Tumeokoa nusu gramu."
Naandika. Haba na haba,
ila sisi kibaba twakijaza kwa kupunguza.

Roketi hatutengenezi.
Roketi ni za wenye visima vya pesa.
Sisi tuna sanduku la vyumba kumi na viwili,
kila kimoja ukubwa wa mkate mweusi,
mlango mmoja, na springi nyuma ya mlango.
Mwenye kitu cha kupeleka juu apange chumba:
wafuga nyuki wa Saaremaa
wanaotaka kujua maua yameanzia wapi,
na darasa la watoto wasioona la Tartu
walioleta kengele ya redio
ili setilaiti yao ikipita, waisikie ikipita.
Hao walilipa kwa sarafu.
Nilizihesabu mwenyewe. Zilinata peremende.

Safari ya kwanza mlango haukufunguka.

Roketi ya wenyewe ilipaa vizuri, wakapongezana.
Sanduku letu likaizunguka dunia
limefumba mdomo, abiria wote tumboni,
hadi lilipoungua juu ya bahari isiyo na mtu.
Mwalimu alipiga simu usiku ule wa kwanza.
"Wamekaa kwenye theluji, wanasikiliza.
Niwaambie nini?"
Leelo aliishika simu, asiseme neno,
kimya cha mtu ambaye tayari anaitafuta springi.

Chumba cha kupimia baridi ya huko juu
hukodishwa kwa mishahara ya miezi minne.
Leelo akabeba springi hamsini
hadi sauna ya shangazi yake, kando ya ziwa.
Akazipika kwenye mvuke,
akatoka nazo mbio, miguu mitupu,
akazitumbukiza katika tundu la barafu.
Ndani, nje. Ndani, nje.
Shangazi akileta chai na matusi.
Alfajiri, ya thelathini na moja ikagoma.
Haikuvunjika, haikupinda.
Grisi yake tu iligeuka jiwe.

Tone la grisi. Tulilizunguka sote saba
likiwa kwenye ncha ya kidole cha Leelo.
Grisi niliyoinunua mimi,
kwa sababu ilikuwa rahisi.
Risiti ninayo hadi leo. Hakuna aliyeniuliza,
na hilo ndilo lililoniuma.

Husemwa anga ni ya wote.
Naam, ni ya wote kama soko lilivyo la wote:
ingia, kisha uulizwe una nini mfukoni.

Mwezi wa Machi, safari ya pili,
nilipanda basi peke yangu kwenda Tartu.
Uwanja wa shule, baridi ya kukata masikio,
watoto tisa, antena moja ya waya na mpini wa ufagio.
Msichana aitwaye Miina ndiye aliyeishika.
Mvumo mtupu. Mvumo. Mvumo.
Kisha kengele, nyembamba kama uzi wa buibui,
naye akaugeuza ule mpini polepole
kutoka paa la jikoni hadi juu ya misonobari,
akiifuata kitu ambacho mimi, mwenye macho, sikukiona.

Ilipozama, aliniuliza ina uzito gani.
Hilo nalijua. Hilo ndilo pekee nilijualo.
"Gramu mia nane na tisini na nusu."
Akavua glavu, akakinga kiganja
gizani, kitupu, kwa muda,
akikipandisha na kukishusha kidogo.